Kuku wa Noeli na shukrani ya haraka



Ndugu msomaji, Noeli iliyopita nilimkosea mama mmoja wa jumuiya yetu, na nilimkosea wakati nadhani namshukuru. Nimeona niandike habari hiyo kwa sababu sisi mafrateri tunapewa zawadi nyingi tukienda likizo, na sidhani kama ni mimi peke yangu niliyewahi kuzipokea vibaya.

Nilishuka Bariadi tarehe 22 Desemba jioni, miguu imevimba kwa safari ya basi kutoka Tabora. Kijiji chetu kiko mbele kidogo, upande wa Dutwa, kwenye barabara iendayo Lamadi. Kijana wa bodaboda aliyenibeba alinipa habari za mvua kabla ya kunipa habari za watu. Kwa asiyeifahamu Simiyu niseme jambo moja mapema, maana bila hilo mengine hayataeleweka: kwetu Noeli haiji wakati wa mavuno. Inatukuta shambani. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, na ifikapo Noeli majani yameshaanza kushindana na miche. Mahindi na mtama wa msimu uliopita umepungua ghalani. Fedha ya pamba iliyouzwa kuanzia mwezi wa tano ilikwisha zamani kwenye ada, mabati na matibabu. Ya msimu huu bado iko ardhini, na kwa wengi sehemu yake tayari ni deni la mbegu na dawa za wadudu. Ukimwona baba anazunguka soko la Bariadi tarehe 24, anashika gauni la mtoto, analiachia, anarudi kulishika tena, usimhukumu kuwa bahili. Anapiga hesabu ya palizi.

Kigangoni niliwakuta watoto wa Utoto Mtakatifu wakitengeneza pango. Walikata mabua ya mtama, wakafinyanga ng'ombe wa udongo (ng'ombe wengi kuliko wachungaji, kama inavyotarajiwa Usukumani), na horini wakatandika pamba. Mtoto mmoja aliyewahi kuona kadi za Noeli akamwuliza katekista kama ile pamba ni theluji. Katekista akajibu, "Theluji ya nini? Hiyo ni pamba ya bibi yako." Tulicheka, lakini jibu lile lina taalimungu ndani yake. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango kule Greccio mwaka 1223, aliomba nyasi, ng'ombe na punda, vitu ambavyo wanakijiji wa pale walikuwa navyo zizini. Papa Fransisko, katika barua yake juu ya pango la Noeli aliyoitia saini hukohuko Greccio tarehe 1 Desemba 2019, alituhimiza tuiendeleze desturi hiyo majumbani, makazini na hata hospitalini. Basi Mtoto Yesu wa kigango chetu alilala juu ya zao ambalo watu wake hulipalilia, hulikopea na hulihangaikia. Palimfaa.

Sasa nije kwenye kuku.

Jioni ya tarehe 24, kabla ya Misa ya mkesha, alikuja nyumbani mama mmoja mjane. Anaishi na wajukuu wanne, nyumba ya pili kutoka kisimani. Amebeba tetea mweusi kwapani na kifuko cha michembe mkononi. Akapiga magoti kidogo kunisalimia, jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu, kwa maana alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Akasema, "Frateri, hawa ni wa Noeli yako."

Mimi nilikuwa nimepita kwake mchana. Nililiona ghala lake. Niliona pia kwamba kuku walikuwa wawili tu pale uani. Nikajisemea moyoni kwamba siwezi kula kuku wa mjane. Nikajibu, "Wabeja sana, mayu," kisha papo hapo nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa noti ya shilingi elfu kumi niliyopewa kwa nauli ya kurudia, nikamwekea mkononi.

Aliitazama ile noti. Akanitazama mimi. Akaniuliza taratibu, "Kwani nimekuuzia?"

Sikuwa na jibu. Mama yangu alitoka jikoni, akaona, akanyamaza. Yule mama aliondoka na noti ikiwa mkononi kwa sababu ya adabu, akasali mkesha pamoja nasi, akaimba, na asubuhi ya Noeli mjukuu wake akaileta ile elfu kumi imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Haikuandikwa neno. Mama yangu aliipokea, akaniambia kwa Kiswahili, na yeye akizungumza Kiswahili na mimi najua mambo si mazuri: "Umemlipa mtu aliyekuja kukupenda." Yule kuku hakuchinjwa. Mama alisema hachinji kuku mwenye maneno.

Nilirudi seminarini na jambo hilo kifuani. Muhula huo tulikuwa tunasoma maadili kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, na katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya kitabu cha pili, swali la 106, nikakuta kwamba Daktari wa Kanisa ameuliza swali lilelile: je, mtu arudishe fadhila papo hapo? Jibu lake linatenganisha vitu viwili. Moyo, anasema, urudishe papo hapo. Kwa upande wa upendo hakuna kungoja. Lakini kitu kingoje wakati unaomfaa yule aliyetoa. Na akimtegemea Seneca, mwanafalsafa Mrumi, anaongeza kwamba mtu anayekimbilia kulipa anaonyesha anajihisi mdaiwa, na mdaiwa asiyependa kudaiwa. Nilisoma mara tatu. Nilijiona pale uani, mkono mfukoni.

Maana tuseme ukweli, ile elfu kumi haikuwa huruma tupu. Kulikuwa na kitu kingine chini yake. Sikutaka kubaki na deni kwa mama maskini. Ningeweza kudaiwa na Askofu, na mfadhili wa mbali ambaye sijawahi kumwona, na Jimbo zima la Shinyanga. Madeni hayo hayaniumi. Lakini kudaiwa na mtu ambaye ghala lake nimelichungulia, hapana. Nilitaka tuwe sawa kabla ya Misa. Kiburi chetu sisi walio katika malezi mara nyingi huvaa nguo za ukarimu. Tunafundishwa kutoa, tunahubiri kutoa, na siku tunapotakiwa kupokea tunahangaika kama mtu aliyekalia siafu.

Katika swali linalofuata Thoma anapanga ngazi tatu za shukrani: kwanza kuutambua wema uliotendewa, pili kuusifu na kusema asante, tatu kuurudisha kwa wakati wake na kwa uwezo wako. Ukosefu wa shukrani nao una ngazi zake, na ya mwisho kabisa, iliyo mbaya kuliko zote, ni kutoutambua wema, iwe kwa kusahau au kwa namna nyingine. Mimi nilirukia ngazi ya tatu kabla ya kukanyaga ya kwanza. Nilimwona kuku, nikaona na umaskini. Ambacho sikukiona ni kwamba yule mama alikuwa anamshukuru Mungu, na mimi nilikuwa njia aliyoichagua.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, hasa wewe msomaji wa parokiani ambaye labda unasema haya ni mambo ya mafrateri. Ni rahisi kushukuru mwezi wa saba, gunia limejaa na pamba imepimwa kwenye mzani. Yule mama alishukuru Desemba. Nabii Habakuki, mwishoni mwa kitabu chake (3:17-19), anahesabu vitu vyote vilivyokosekana: mtini hauna maua, mzabibu hauna matunda, shamba halina chakula, zizi halina kondoo wala ng'ombe, na baada ya hesabu hiyo yote anasema atamfurahia Bwana. Msukuma akisoma habari ya zizi tupu haioni kuwa shairi. Anajua ni msiba. Na bado nabii anafurahi, bila kudanganya kwamba zizi limejaa. Kuna mahubiri ya Noeli yanayowaambia watu wasahau shida zao siku hiyo. Habakuki hasahau hata moja. Anazitaja kwa majina.

Mwinjili Luka naye ana jambo. Wachungaji walipomwona Mtoto, anasema (Lk 2:20), walirudi wakimtukuza Mungu. Walirudi wapi? Kwa kondoo walewale, baridi ileile, zamu ileile ya usiku. Malaika hawakuwaongezea hata mwanakondoo mmoja. Sasa chukua habari ya wakoma kumi (Lk 17:11-19): mmoja tu, Msamaria, alirudi kumshukuru Yesu. Katika Kigiriki kitenzi ni kilekile, hypostrephein, kurudi, na Luka anakipenda kuliko mwandishi mwingine yeyote wa Agano Jipya. Msamaria anamrudia aliyempa. Wachungaji wanarudi kazini. Nadhani Luka anataka tuzione safari hizo mbili pamoja. Mtu anayebaki pangoni siku zote, hataki kurudi kwenye mifugo, hajashukuru bado. Na anayerudi kwenye mifugo bila kumtukuza Mungu amerudi tu kama alivyokuja.

Sisi tunayo Misa, na jina lake la Ekaristi latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani. Katika Utangulizi padre anakiri kwamba kumshukuru Mungu kunatupasa siku zote na mahali popote. Nimeusikia utangulizi huo tangu nikiwa mtumishi wa altare mwenye viatu vya kuazima. Lakini kumbuka kinachotangulia: tunaleta mkate na divai, ambavyo ni zawadi yake mwenyewe. Mungu anapokea. Hatulipi papo hapo ili tusidaiane. Anapokea kidogo chetu kwanza, anakikubali, anakaa nacho. Anachoturudishia baadaye ni Mwanae, lakini kwanza anapokea. Hata horini alikuja akiwa mtoto wa kubebwa, kunyonyeshwa, kufunikwa kwa nguo za watu wengine. Kwa miaka kadhaa Mungu aliishi Nazareti kwa kupokea.

Wazee wa kwetu walilijua hili bila Kilatini. Wanasimulia vikundi vya vijana vilivyoongozwa na nsumba ntale, vilivyokwenda kulima shamba la huyu leo na la yule kesho. Mwenye shamba alipika, watu wakala, wakaimba, wakaondoka. Hakuna aliyemaliza kulipa siku ile, na kwa sababu hiyo walibaki wanahitajiana. Thoma anasema jambo la karibu na hilo: deni la shukrani hutoka katika upendo, hivyo si ajabu likikosa mwisho. Siku hizi tunapenda mambo yaishe. Tunatuma fedha kwa simu, tunaandika "asante, tumemalizana". Tumemalizana! Neno hilo lafaa dukani. Kati ya jirani na jirani ni neno la kuogopesha.

Baada ya sikukuu ya Mtakatifu Stefano nilikwenda kwa yule mama. Sikubeba kitu. Nilikuta wajukuu wameshatangulia shambani, nikachukua jembe lililoegemezwa ukutani, tukapalilia mpaka jua lilipokuwa kali. Hatukuzungumza habari ya kuku. Saa nne hivi akanikabidhi ndoo, akasema, "Nenda kisimani, watoto wana kiu." Hakuniita frateri. Nilikwenda mbio kama nilivyokwenda mbio nikiwa na miaka minane, na sijui kama nimewahi kutumwa maji kwa furaha kiasi kile.

Jioni ya tarehe 31 tulikusanyika kigangoni kuimba Te Deum, wimbo ambao Kanisa hufungia nao mwaka, na ambao waamini wakiuimba hadharani siku hiyo ya shukrani hupata rehema kamili kwa masharti ya kawaida. Umeme ulikatika katikati. Tukaendelea kwa tochi za simu. Katekista akawaalika watu wataje walichopewa mwaka ule. Mmoja akataja mvua, mwingine akataja mtoto aliyepona malaria. Yule mama akasimama, akasema kwa Kisukuma kwamba anamshukuru Mungu kwa watoto waliorudi nyumbani, akaketi. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake.

Wiki iliyopita mama yangu alipiga simu. Yule tetea alitamia, akatotoa vifaranga tisa, kipanga amechukua wawili. Mama anataka kumpelekea mwenzake watatu. Nikamwambia awapeleke leo hii. Akacheka, akasema bado wadogo, wangoje wakue.