Jinsi ninavyowakinga vijana wangu wasiumie mpirani

Nawafundisha mpira vijana wa miaka 13 hadi 17 hapa Lwiro. Mwaka wa kwanza walikuwa wakifika jioni, nawagawa timu mbili, napiga filimbi, basi. Siku moja binti mmoja aliruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja, goti limekakamaa, likaingia ndani. Mlio wake niliusikia. Mwaka ule hakucheza tena, na kosa lilikuwa langu.

Siku hizi naanza kwa kuwauliza wametoka wapi. Kijana wa huku hafiki kiwanjani akiwa na nguvu zote: ametoka kulima, au amepandisha kilima na bidoni ya lita 20, au gunia limemning'inia mgongoni kwa kamba ya kichwani. Aliyebeba mzito namchezesha kipindi kimoja tu.

Kisha tunafanya dakika 20 za mazoezi ambayo FIFA inayaita 11+. Hayahitaji vifaa: kukimbia polepole, kusimama kwa mguu mmoja, kujiinua kwa viwiko mwili umenyooka, kuruka na kutua. Kwenye kutua ndiko ninakokawia. Miguu miwili, magoti yamekunjwa na kutazama mbele, sawa na vidole. Nikisikia kishindo, anarudia. Norway waliyajaribu kwa wasichana wa umri huuhuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha majeraha makubwa yamepungua karibu nusu. Ila yafanywe kila wiki, si siku ya mechi peke yake.

Mawe ya kiwanjani tunayaokota wenyewe. Mvua ikinyesha, udongo wetu unateleza kama sabuni, kwa hiyo siku hiyo tunapiga pasi tu, hakuna kukabana.

Kifundo kikiteguka, tafadhali msikikande siku hiyo. Najua nyumbani maji ya moto yanawekwa jikoni na mkandaji anaitwa, uvimbe unazidi. Wekeni kitambaa chenye maji baridi, mguu uinuliwe. Asipoweza kukanyaga hatua nne, mpelekeni hospitali akapigwe picha. Aliyegongwa kichwa akazubaa harudi mchezoni, hata kama ni fainali.

Na anayerefuka haraka akilalamika maumivu chini ya goti, msimwite mvivu. Mfupa unakua upesi kuliko msuli, na msuli unavuta pale uliposhikamana na mfupa. Anahitaji kupunguziwa kazi.

Wazazi wa Lwiro na Katana, nawaomba jambo moja: siku mtoto ana mechi, bidoni ya jioni apandishe mwingine.