Usiitupe Pampu Kabla ya Kuipima

Swali

Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyoachiwa na baba yangu mdogo. Naishi Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na gari hulala nje, barazani kwetu. Asubuhi linawaka mara moja bila taabu. Lakini mchana, nikikaa kwenye foleni ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, linaanza kukohoa, linakosa nguvu, kisha linazimika. Likipoa, linawaka tena. Juzi lilizimika Mtaa wa Lumumba na halikuwaka mpaka jioni. Fundi wa Gerezani anasema pampu ya mafuta imekufa, anataka kunifungia ya umeme iliyotolewa kwenye Toyota ya injini ya injeksheni. Nimkubalie?

Msomaji, Mnazi Mmoja

Jibu

Usimkubalie bado. Huenda pampu imekufa kweli, lakini kwa ulivyoeleza hakuna aliyeipima. Na hiyo ya injeksheni isifungwe kabisa. Pampu za namna hiyo husukuma mafuta kwa presha ya paundi 35 hadi 45, wakati kabureta zako mbili zinahitaji kama paundi 4 tu. Sindano ya ndani ya kabureta haitaweza kuyazuia. Mafuta yatafurika, na chini ya kabureta za gari hilo ndipo ilipo manifoldi ya ekzosi yenye joto kali. Hapo gari linaungua.

Kwa sababu hiyo hiyo, kabla hujashika spana liondoe gari barazani. Mitaa yenu imejaa majiko ya mkaa ya mama lishe na watu wanaopita na sigara. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kufika mbali kuliko unavyodhani. Tafuta uwanja wa wazi, weka mtungi wa kuzimia moto karibu, chomoa waya wa betri kila unapofungua mpira wa mafuta. Na usinyonye petroli kwa mdomo hata kama fundi anafanya hivyo kila siku. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kumlaza mtu hospitali.

Sasa tuielewe pampu yenyewe. Ya kwako haitumii umeme. Imefungwa ubavuni mwa silinda hedi, kulia, upande wa mbele. Kemushafti inapozunguka inausukuma mkono wa pampu, mkono unaivuta diaframu ya mpira, na diaframu inavuta mafuta kutoka tangi lililo nyuma kabisa ya gari. Springi iliyo ndani ndiyo inayoyasukuma kwenda kwenye kabureta. Hivyo pampu inaweza kuwa nzima na bado mafuta yasifike, kwa sababu njia ya kutoka tangini ni ndefu na ina mengi ya kuharibika.

Gari linalozimika likipata joto na kuwaka likipoa linaweza kuwa na tatizo la koili, la tangi lisilopumua, la mvuke kwenye bomba, au la pampu. Anza na koili. Siku likizimika, zungusha staata kidogo, kisha toa plagi moja uitazame. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika na huenda tatizo ni moto wa plagi, kwa hiyo mwite fundi umeme wa magari aipime koili ikiwa bado ya moto. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Usihangaike kuchungulia kabureta ukisubiri kuona mafuta yakiruka unapokanyaga pedeli, maana kabureta za aina ya SU kama zako hazirushi mafuta hata zikiwa nzima.

Plagi ikiwa kavu, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, na baada ya hapo gari likawaka, umepata jibu bila kununua kitu: njia ya hewa ya tangi imeziba, na pampu ilikuwa inavuta dhidi ya tangi lililojifunga.

Hatua inayofuata ni kukagua mipira na fyuluta. Gari la umri huu lina mipira mifupi inayounganisha tangi na bomba la chuma, na bomba na pampu. Pinda kila mpira kwa vidole uone kama una nyufa. Wengi hudanganyika hapa, kwa sababu hawaoni tone chini wanasema hakuna panapovuja. Lakini mpira uliopasuka kabla ya pampu huvuta hewa badala ya kumwaga mafuta, kama mrija wa soda uliotoboka. Badilisha mipira yote, ununue ile iliyoandikwa kuwa ni ya petroli, pamoja na klampu mpya. Fyuluta nayo ni ya bei ndogo, weka mpya. Ya zamani ikiwa na vumbi la kutu, tangi lisafishwe, la sivyo hiyo mpya nayo itaziba.

Baada ya hapo ndipo pampu ipimwe. Gari liwe limepoa. Chomoa waya wa koili ili lisiwake, toa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, utumbukize kwenye chupa ya kioo. Rudisha betri, mwambie mwenzako azungushe staata kwa sekunde kumi na tano, wewe ukiushika mpira usichomoke. Pampu nzima hurusha mafuta kwa mapigo yenye nguvu na yanayolingana. Ikitoa matone, au mapovu mengi, haijapita mtihani. Kisha ipime kwa geji. Ukipata paundi 3 na nusu hadi 4 hivi, pampu yako ni nzima. Iache chupa itulie pia. Maji yakiwemo yatakaa chini na utayaona.

Usisahau dipstiki. Ivute uinuse. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda kupita alama, diaframu huenda imepasuka na inamwagia mafuta ndani ya injini. Usiwashe tena mpaka ubadilishe pampu na oili, maana oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi na itakula beringi.

Ikiwa pampu imepita vipimo vyote, tatizo ni joto, na hali ya hewa ya Dar inalichochea. Kwenye injini yako mafuta yanatoka kwenye pampu upande wa kulia, yanazunguka mbele ya injini, kisha yanapita juu ya ekzosi upande wa kushoto. Kwenye foleni hakuna upepo, petroli inachemka bombani, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Likizimika tena, lowesha kitambaa kwa maji ukifunge kwenye pampu na kwenye bomba. Likiwaka baada ya dakika chache, ni mvuke. Dawa yake ni kulikinga bomba dhidi ya joto, kurudisha lile bati la kuzuia joto chini ya kabureta ambalo mafundi wengi hulitoa wasilirudishe, na kuzibua bomba la kurudisha mafuta tangini. Kazi ya bomba hilo ni kuyafanya mafuta yazunguke yasikae mahali pamoja yakachemka.

Na kama pampu imekufa kweli, ing'oe uende nayo mkononi Gerezani. Usitaje 240Z, watakuambia haipo. Omba pampu ya Datsun za injini ya L, kama 160B na 180B, kisha linganisha mkono, matundu ya boliti na uelekeo wa midomo ya bomba. Hakikisha kile kipande kinene cheusi kinachokaa kati ya pampu na hedi kinarudi mahali pake. Kinazuia joto, na ndicho kinachopanga mkono uingie kiasi gani. Mtu akitaka kukukatia diaframu kutoka tyubu ya tairi, kataa. Mpira ule huvimba ukikaa kwenye petroli.

Nakusisitizia usilikatekate gari hili kwa sababu lina heshima yake kwetu. 240Z ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ikashinda tena 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ukilitunza lilivyo, hata thamani yake itabaki.

Mwisho, rudi kwa fundi wako kwa heshima, umwambie utamlipa kwa kupima, hata kama hatafunga spea yoyote. Mafundi wetu wengi hulipwa kwa kubadilisha tu, ndiyo maana wanabahatisha kwa kubadilisha. Mlipe ujira wa saa moja ya chupa na geji, uwepo ukiangalia. Kisha niandikie: plagi ilikuwa kavu au imelowa, geji imesoma ngapi, na oili inanukaje. Nikiwa na majibu hayo matatu nitakuambia ununue nini, na nini usinunue.