Kufundisha Historia kwa Mabaki ya Kale: Mfano wa Boma la Grimspound

Mwalimu wa shule ya msingi anapofikia mada ya watu walioishi kabla ya maandishi, hupatwa na kishawishi cha kuyajaza mapengo kwa maelezo yake mwenyewe. Wanafunzi humwamini, huyanakili madaftarini, na dhana hugeuka kuwa historia. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi njia ya kuepuka jambo hilo. Mfano wetu ni boma la Grimspound, lililoko katika nyanda za juu za Dartmoor, kusini-magharibi ya Uingereza.

MAELEZO YA MAHALI

Boma hilo liko meta 450 hivi juu ya usawa wa bahari, baina ya vilima viwili, Hameldown na Hookney Tor. Nchi yenyewe ni wazi. Ina nyasi na vichaka vifupi, na hupigwa sana na upepo na ukungu. Ukuta wa mawe ya matale, ambao sasa umeporomoka na kubaki mfupi, umezunguka eneo la hekta moja na nusu hivi, yaani kiasi cha viwanja viwili vya mpira. Ndani yake mna misingi ya nyumba 24 za mviringo. Lango kubwa limesakafiwa kwa mawe, nalo linaelekea kusini-mashariki, kwenye mteremko wa Hameldown. Upande wa kaskazini hupita kijito.

Wataalamu hulihesabu boma hili kuwa la Zama za Shaba Nyeusi, nalo lina umri wa miaka ipatayo 3,000 au zaidi. Waliolijenga hawakuacha maandishi. Hata jina la Grimspound lilitolewa na watu waliokuja baadaye sana.

HATUA ZA SOMO

1. Kutazama. Chora ramani ya boma ubaoni: ukuta, duara 24, lango na kijito. Usitaje matumizi ya kitu chochote. Uliza: "Mnaona nini?" Mtoto akisema, "Naona ukuta," jibu lipokelewe. Akisema, "Naona ngome," mwulize kwa upole amejuaje. Ukuta huonekana kwa macho, lakini ngome ni wazo.

2. Kupima. Watoe wanafunzi uwanjani. Wachomeke kijiti, wafunge kamba ya meta 2, wazunguke na kuchora duara. Hicho ndicho kiasi cha nyumba moja ya namna ile. Waingie ndani, wakadirie wangelala watu wangapi na moto ungewekwa wapi. Wakishajibu, waeleze kwamba katika mwaka 1894 kamati ya wachimbuzi, Sabine Baring-Gould akiwa mmojawapo, iliyachimba mabaki hayo ikakuta meko na mkaa.

3. Kutoa sababu. Uliza: "Ukuta ulijengwa kwa nini?" Wengi watajibu kuwa ni kwa ajili ya vita. Usiwakatize, ila wape dalili mbili. Kwanza, boma liko chini ya vilima, hivyo adui angeweza kulitazama lote kutoka juu. Pili, lango kubwa linaelekea mlimani. Darasa litaanza kuona kwamba ukuta wa namna hiyo unafaa zaidi kwa kuzuilia mifugo na kuonyesha mpaka wa makazi. Hata hivyo, madaftarini yasiandikwe maneno "ulikuwa wa mifugo", bali "yaelekea ulikuwa wa mifugo".

HADHARI KWA MWALIMU

Waandishi fulani wa zamani walidai kuwa Grimspound lilikuwa hekalu la makuhani wa kale. Dai hilo lilipendeza masikioni, lakini halikuwa na ushahidi. Wachimbuzi wa 1894 nao, kwa nia njema, waliyasimamisha upya baadhi ya mawe yaliyoanguka. Matokeo yake ni kwamba leo ni vigumu kupambanua kazi ya wajenzi wa kale na kazi ya watengenezaji hao. Mwalimu anayechanganya ushahidi na dhana hufanya vivyo hivyo katika akili ya mtoto, na huenda asipatikane wa kuyatenganisha tena.

Tena, kutoonekana kwa kitu si lazima kuwe na maana kwamba hakikuwapo. Udongo wa Dartmoor una asidi inayoila mifupa. Mtu asiyejua hayo angeweza kusema kwamba wenyeji wale hawakufuga mnyama yeyote.

MATUMIZI KATIKA MAZINGIRA YETU

Njia hii haihitaji safari ya Ulaya. Karibu na shule nyingi pana mahame: misingi ya nyumba, mafiga, vigae, au mti uliopandwa na watu waliokwisha hama. Magharibi ya Kenya kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizojengwa bila saruji, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kufanana kwake na Grimspound kusitufanye tudhani kwamba wajenzi walikuwa na asili moja. Kufanana hutupa swali la kuuliza tu.

Wanafunzi wasihamishe wala kuokota kitu chochote. Watazame, wapime na kuchora, kisha wawasikilize wazee.

ZOEZI

Tayarisha andalio la somo la dakika 40 juu ya mahame moja unayoifahamu. Gawa ubao katika sehemu tatu: Tuliyoyaona, Tunayoyadhani, Tuliyosimuliwa. Kila jibu la mwanafunzi liandikwe mahali pake, na mwanafunzi mwenyewe ndiye aseme ni wapi.