Anju bila pombe: sinia la Kikorea kwa wenzako wa hosteli



Muhula huu nimeulizwa swali moja zaidi ya mara tatu baada ya darsa, na wanaouliza ni wale wanaofuatilia tamthilia za Kikorea. Yale makaango tunayoyaona mezani, kuku mwekundu anayeng'aa, chapati ya vitunguu, mayai yaliyokunjwa, je, tunaweza kuyapika hosteli tukala na wenzetu, ilhali huko kwao ni vyakula vya baa? Nimeona nijibu kwa maandishi, na kwa kuwa napenda jiko kuliko kalamu, nitatia na mapishi ndani yake.

Tuanze na jina. Wakorea huviita vyakula hivi anju. Neno lina sehemu mbili: ya kwanza ni kukandamiza au kutuliza, ya pili ni pombe. Ni chakula cha kuituliza pombe tumboni. Kila kinywaji kina mwenzake. Kuku wa kukaanga huenda na bia, na wawili hao wamepewa jina moja la mkato, chimaek. Pajeon, yaani chapati ya vitunguu majani, huenda na makgeolli, pombe ya mchele, hasa siku ya mvua. Wenyewe husema mlio wa chapati kikaangoni unafanana na mlio wa mvua.

Jina linatisha, lakini hukumu haifuati jina. Hufuata kilichomo na kinachofanyika. Asili ya vyakula ni halali mpaka upatikane ushahidi wa kuharamisha, na kuku, unga na mayai havikuharamika kwa sababu mlevi naye anavila. Khamri imekatazwa waziwazi katika Suratul Maida, aya ya 90, na nguruwe na damu vinajulikana. Kwa hiyo mtu atakayepika anju ana mambo mawili ya kuchunguza: chupa zake na kikao chake.

Chupa kwanza, maana hapa ndipo wengi huteleza bila kujua. Ule wekundu unatokana na gochujang, rojo la pilipili, mchele wa kunata, soya iliyochachushwa na chumvi. Mapishi ya asili hayahitaji kuongezwa pombe. Lakini rojo nyingi za kiwandani hutiwa pombe kali ili zisiharibike, na kwenye lebo ya Kikorea huandikwa jujeong; kwenye lebo ya Kiingereza utaona alkoholi au ethanoli. Sosi ya soya nayo ni hivyohivyo. Ukiona matsul, usisumbuke kusoma zaidi: sul ni pombe, na hiyo ni pombe ya kupikia. Dwaeji ni nguruwe. Sundae, ingawa jina linafanana na la aiskrimu, ni utumbo uliojazwa damu.

Kuna anayesema pombe huruka yote motoni. Si kweli, hupungua, na sehemu hubaki kulingana na muda wa kupika. Chembe zinazojizalisha zenyewe chakula kinapochachuka, ambazo hata ukila sufuria nzima hulewi, wanazuoni wengi wamezisamehe. Ile inayomiminwa kwa makusudi ndiyo yenye hitilafu, na mimi nashika njia ya tahadhari: nanunua yenye nembo ya halali, na nikiikosa natengeneza rojo langu. Mwanafunzi wa Kampala halazimiki kuhangaikia chupa ya kutoka Seoul.

Sasa kikao. Wenzetu wasio Waislamu hutualika kwenye usiku wa kuku na bia, na wanatualika kwa mapenzi. Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, kwa hiyo tunakataa. Tukikataa mara tano bila sisi kualika hata mara moja, urafiki hufa, na yule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliye mpweke chumbani siku moja atachoka kukataa. Dawa ninayoijua ni kuwa wenyeji sisi. Pika wewe, alika wewe, na masharti ya meza yatakuwa yako.

Ila tusiigize baa. Imam Ghazali katika Ihya anataja watu waliopamba kikao, wakaweka vyombo vya walevi, wakatia ndani yake sikanjabin, kinywaji halali cha asali na siki, kisha wakapeana kwa zamu na kwa maneno ya walevi. Amelihesabu jambo hilo kuwa limekatazwa, ijapokuwa kinywaji chenyewe ni halali, kwa sababu ya kujifananisha na mafasiki. Basi hakuna haja ya soda ya malt kwenye glasi ya bia na kugonganisha glasi. Juisi ya pasheni au chai ya tangawizi yatosha, na kina dada wana kikao chao na kina kaka chao.

Tuingie jikoni. Kwa watu 6, chukua kuku kilo 1 na nusu aliyechinjwa kihalali, umkate vipande vidogo. Mpake chumvi, pilipili manga, tangawizi na saumu iliyotwangwa, umwache nusu saa. Mgaragaze kwenye unga mkavu, nusu ngano na nusu wanga wa mahindi. Wakorea hutumia wanga wa viazi, lakini huu unafaa. Kama jiko ni la pamoja, hakikisha mafuta na kikaango havikupikiwa nguruwe.

Siri ya ukakamavu wa ngozi ni kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, dakika 8 hadi 10, mpaka aive ndani. Mtoe, apumzike dakika 5. Hapo maji yaliyomo ndani ya nyama husogea kwenye ganda. Ongeza moto, umrudishe dakika 2 au 3, na maji yale hufukuzwa. Ganda linabaki kavu na hulia ukiligonga kwa uma. Ukiruka hatua hii utapata kuku wa kawaida tu, na mchuzi utamlainisha mara moja.

Mchuzi: vijiko vikubwa 3 vya asali, 3 vya tomato sosi (naam, Wakorea wenyewe huitumia), 2 vya sosi ya soya, 2 vya pilipili ya unga isiyo kali sana, kimoja cha siki, na punje 4 za saumu. Chemsha mpaka utoe mapovu mazito, mwingize kuku, geuza upesi, nyunyizia simsim iliyokaangwa. Haitakuwa gochujang kamili, ila hakuna aliyewahi kuacha kipande.

Pajeon wala si ngeni kwetu. Ni ndugu wa chapati za maji. Kikombe 1 cha unga, kikombe 1 cha maji baridi sana, yai 1, chumvi, na fungu zima la vitunguu majani vilivyokatwa virefu. Vitunguu viwe vingi kuliko unga. Mafuta yasionewe ubahili. Chovya kwenye soya iliyochanganywa na siki. Mayai ya kukunja, gyeran-mari, ukishajua rolex unayajua nusu: mimina tabaka jembamba, likunje, mimina jingine chini yake, uendelee kukunja, kisha ukate vipande.

Usisahau kachumbari ya kukata mafuta. Kata figili vipande vya mraba, changanya siki, sukari na maji kwa vipimo sawa, na chumvi kidogo, ulaze usiku mmoja. Siki ni kitoweo alichokisifu Mtume (s.a.w.).

Kila kitu kiwekwe katikati, kwenye sinia moja. Wakorea nao hula hivyo, hawagawi sahani ya kila mtu. Masahaba walipolalamika kwamba wanakula hawashibi, waliulizwa kama wanakula mbalimbali, wakaagizwa wakusanyike na wataje jina la Allah. Na yule kijana Umar bin Abi Salama, ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka sinia zima, alifundishwa kula kwa kulia na kula cha mbele yake. Mweleze mgeni adabu hizi kwa upole kabla kuku hajafika. Akishafika hakuna atakayekusikiliza.

Changieni fedha mapema, mpike kati ya Magharibi na Isha ili mle baada ya sala, na atakayekuja mikono mitupu aachiwe sufuria za kuosha.