Fundi wa Mlandege na Kipima Moto

Mji wa Iringa umejengwa juu ya kilima, na chini ya kilima hicho hupita mto Ruaha Mdogo. Katika mtaa wa Mlandege palikuwa na fundi mmoja wa malori. Kiwanja chake kilikuwa kidogo, nacho kilizungushiwa ua wa mabati makuukuu. Lakini madereva wa njia ya Dar es Salaam na Zambia walimjua, kwa kuwa kazi yake haikuwa na hila. Alikuwa na kijana mmoja aliyejifunza kazi kwake.

Asubuhi moja lori kubwa likaingia kiwanjani. Mwenye lori akashuka, akasema, "Kamwene, fundi."

"Kamwene, bwana. Habari za safari?"

"Si njema. Mwaka huu pistoni mbili zimeungua katika mlima wa Kitonga. Maji ya rejeta hayakuchemka hata mara moja. Nimeambiwa kuna chombo cha kupima moto wa moshi wenyewe. Nimekinunua, nataka unitilie."

Fundi akakipokea chombo, akampa kijana akitazame. Palikuwa na kijiti cha chuma chembamba kama kalamu, nyaya mbili, na geji ya duara.

Ili kujua kazi ya chombo hicho, yafaa kwanza kujua kazi ya injini ya dizeli. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ndiye aliyeibuni, na mwaka 1897 injini yake ilijaribiwa mjini Augsburg ikafaulu. Injini hiyo haina cheche ya kuwashia. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka inapata moto mwingi sana. Kisha mafuta hunyunyizwa, nayo hujiwasha yenyewe. Dereva akikanyaga zaidi, mafuta huongezeka, na moto huongezeka pamoja nayo. Mafuta yakizidi na hewa ikiwa haba, moshi hutoka mweusi, na joto lake hupita kiasi.

Basi, Kitonga ni mahali pa kujaribiwa injini. Hapo barabara huacha bonde la Ruaha Mbuyuni na kupanda kwa kona nyingi kuelekea Ilula. Lori lenye mzigo hupanda polepole, mafuta yakiwa mengi, na upepo wa kupoza ukiwa kidogo. Tena hewa ya nchi za juu ni nyepesi. Mji wa Iringa uko karibu mita 1,600 juu ya bahari, na huko hewa imepungua kwa sehemu moja hivi katika sita, ukiilinganisha na ya pwani.

Geji ya maji haitoshi kumwonya dereva. Maji ni mengi, nayo hupata moto polepole. Lakini moshi hupanda joto kwa nukta chache tu. Pistoni nyingi hufanywa kwa aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine. Aluminiamu safi huyeyuka kwa digrii 660 za Sentigredi, na kabla ya kufika hapo imekwisha kulegea. Pistoni huponea kwa sababu hupozwa na mafuta ya kulainisha na hewa mpya inayoingia. Lakini moto mkali ukidumu, baridi hiyo haitoshi tena, na pistoni huungua hali maji yametulia.

Na kile kijiti hupimaje? Ndani yake mna nyaya mbili za madini mbalimbali, zilizounganishwa nchani. Mwaka 1821 mtaalamu Thomas Johann Seebeck aliona ya kuwa madini mawili yakiunganishwa, na kiungo kimoja kikitiwa moto, pana nguvu inayotokea. Nguvu hiyo leo yajulikana kuwa ni umeme. Umeme huo ni mdogo mno. Moshi ukiwa na digrii 700, kijiti cha namna ile hutoa karibu sehemu moja katika hamsini ya nguvu ya betri moja ya kurunzi. Hata hivyo geji huweza kuusoma.

Kijiti hutiwa katika manifodi, yaani bomba lenye matawi lililofanywa kwa chuma cha kusubu, ambalo hukusanya moshi wa silinda zote. Kutoka hapo moshi huingia katika tabo. Humo mna gurudumu dogo lenye mapanga, linalosukumwa na moshi na kuzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika moja. Gurudumu la pili, lililo katika mhimili uleule, husukuma hewa ndani ya injini. Kwa hiyo kitu kigumu kikiingia humo, hata kikiwa kidogo kama punje, huyavunja mapanga yote.

Fundi akamwambia kijana, "Mwanangu, kutoboa tundu ni kazi ya dakika chache. Kutoacha kitu ndani ndiyo kazi yenyewe. Tutaivua tabo kwanza."

Nati tatu za tabo zilifunguka, lakini ya nne ilikuwa imeshikwa na kutu. Fundi akaitia mafuta, akasema, "Hii yataka subira. Mimi nakwenda Miyomboni kununua gasketi mpya. Nikirudi tutaifungua kwa moto. Usitoboe kitu."

Fundi alipokwisha ondoka, mwenye lori akaanza kunung'unika. "Mahindi yangu yangoja kupakiwa. Toboa tu, kijana! Unga wa chuma utatoka na moshi." Kijana akasita, lakini alitamani kusifiwa. Akashika keekee, akatoboa hali tabo ingali mahali pake.

Chuma kilikatika vizuri. Lakini keekee ilipokuwa ikitokeza upande wa ndani ilinasa ghafula, ikalia ta! Kijana alipoichomoa, aliona ncha yake imemeguka. Kipande kama punje ya mahindi hakipo. Akatazama chini, hakukiona. Akajua kimeangukia ndani.

Mwenye lori hakuona neno. Kijana akatwaa keekee nyingine, akamaliza tundu, akachonga hesi, na kazi ikapendeza machoni. Mwenye lori akafurahi, akampa shilingi elfu tano, akisema, "Kumbe fundi ni wewe!" Kijana akazitia mfukoni, akazirudisha nati tatu, akakaza kijiti. Keekee iliyovunjika akaificha chini ya sanduku.

Fundi akarudi na gasketi mkononi. Akaliona tundu, uso ukambadilika. Lakini kabla hajasema, mwenye lori amekwisha panda ili kuiwasha injini. Moyo wa kijana ukapiga. Akikaa kimya, hakuna atakayejua. Tabo ikivunjika Kitonga, watu watalaumu kutu na uzee wa lori. Mkono wa mwenye lori ulikuwa katika ufunguo.

"Msiwashe!" kijana akapiga kelele. "Ncha ya keekee imo ndani."

Mwenye lori akashuka kwa hasira, akamtukana. Kijana akamrudishia fedha yake, akaitoa keekee mafichoni, akampa fundi kwa mikono miwili. Fundi akaitazama mahali ilipomeguka, asiseme neno. Kisha akawasha moto wa gesi, akaipasha ile nati ya nne.

Wakafanya kazi hata jua likaelekea kuchwa. Tabo ilipovuliwa, fundi akafunga sumaku kwenye waya, akaipitisha katika manifodi. Mara ya kwanza ikatoka na unga wa chuma. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu kikatoka kipande chenyewe. Fundi akakiweka juu ya keekee iliyovunjika, nacho kikakaa sawasawa, kama kigae na chungu chake. Hapo ndipo alipojua ya kuwa hakuna kilichosalia. Akafuta manifodi kwa kitambaa, akapitisha sumaku tena, mpaka ikatoka safi.

Ndipo akamwambia kijana, "Keekee utainunua wewe, kwa kuwa hukutii. Lakini hukuuficha ugonjwa. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho utakuja kazini kama kawaida." Mwenye lori akainamisha kichwa, maana alikumbuka maneno yake mwenyewe.

Asubuhi yake wakarudisha tabo kwa gasketi mpya. Hesi ya kijiti wakaipaka dawa ya kuzuia kushikana kwa moto, na ncha yake wakaiweka katikati ya njia ya moshi. Maana ikiwa karibu na ukuta, husoma pungufu. Nyaya wakazipitisha mbali na bomba la moto. Zilipokuwa fupi, kijana alitaka kuziunga kwa waya wa shaba, lakini fundi akamzuia. "Tafuta waya wa madini yaleyale," akasema. "Ukiunga shaba karibu na injini, geji itadanganya."

Injini ikiwa baridi, geji ilionyesha joto la hewa ya nje, kama ipasavyo. Fundi akasoma kitabu cha injini, kwa kuwa kila injini ina mpaka wake, akatia alama nyekundu penye digrii 680. Akamwambia dereva, "Mshale ukikaribia hapa, punguza mafuta, shuka gia moja, ili injini izunguke upesi na kuvuta hewa zaidi. Na ukitaka kuzima, iache ingurume polepole mpaka mshale ushuke chini ya 150, mafuta ya kulainisha yasiungue ndani ya tabo."

Baada ya juma moja dereva alirudi. Alisema ya kuwa katika kupanda Kitonga mshale ulifika alama upesi, hata mzigo ulipokuwa mdogo. Fundi akatafuta sababu, akaona mpira wa kupitisha hewa kutoka kwenye tabo umepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana. Hewa ilikuwa ikivuja siku zote. Ndiyo iliyoziua pistoni mbili. Kipima moto hakikuiponya injini. Kilisema kweli tu, na kweli ikaonyesha pa kutengeneza.

Maswali
1. Kwa nini geji ya maji haikumwonya dereva?
2. Kwa nini fundi alitaka kuvua tabo kabla ya kutoboa?
3. Fundi alijuaje ya kuwa hakuna kipande kilichosalia ndani?
4. Kijana alifanya makosa gani, na jema gani?
5. Eleza jinsi kipima moto na kijana walivyofanana katika kusema kweli.