Stika Zetu Zilikwenda Wapi? Somo la Kuunganisha Ubao wa Mtandaoni na GitHub

Mwaka wa pili kikundi chetu kilikuwa na watu watano na laptopu moja nzima. Ilikuwa likizo. Mmoja yuko Laela, mwingine Matai, wa tatu Namanyere, na wawili tumebaki Sumbawanga mjini tukipigwa na ule upepo wa Julai usiojali sweta. Mradi wetu ulikuwa programu ya simu ya kuandikia mahindi yanayoingia na kutoka ghalani.

Kukutana uso kwa uso haikuwezekana, basi tukawa tunakutana Miro, ule ubao mweupe wa mtandaoni. Mwenye wazo anabandika stika, wengine wanachangia. Dada aliyekuwa Laela ndiye alikuwa anaongea na wakulima. Siku moja akabandika stika moja fupi: tusihesabu magunia, tuhesabu kilo, kwa sababu lumbesa inamla mkulima. Stika hiyo ilibadilisha mradi mzima. Bila yake tungetengeneza daftari la kidijitali la kuhalalisha wizi.

Siku ya kuwasilisha, mhadhiri akafungua GitHub kuona nani kafanya nini. Akakuta jina moja tu, la mwenye laptopu. Jina hilo ni langu. Mimi nilipata alama nzuri. Yule dada alipata supu, akaambiwa amedesa. Mhadhiri alihukumu alichokiona. Ubaya ni kwamba mawazo yalikaa sehemu moja na msimbo sehemu nyingine, na hapakuwa na njia kati yake. Somo hili ni la kuijenga hiyo njia.

Vitu vitatu vya kufahamu

Cha kwanza ni ubao. Miro ilianza 2011 kwa jina la RealtimeBoard, ikabadilisha jina 2019. Akaunti ya bure inatosha kikundi kimoja.

Cha pili ni ghala la msimbo. Git ilitengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na GitHub ikafunguliwa 2008 kama mahali pa kuhifadhi kazi za Git mtandaoni. Ndani ya kila repo kuna sehemu ya ishu: kila ishu ni kazi moja yenye namba, maelezo na mtu aliyekabidhiwa.

Cha tatu ni fundi wa katikati, yaani programu ya msimbo kidogo. Badala ya kuandika mistari mia mbili ya msimbo, unachora mtiririko kwa visanduku vinavyoitwa nodi, kila kimoja na kazi yake. Zapier na Make ni za aina hii. Hapa natumia n8n, iliyotokea Berlin mwaka 2019, kwa sababu unaweza kuiendesha bure kwenye laptopu yako. Ukishaweka Node.js, andika amri `npx n8n`, kisha fungua kivinjari kwenye `localhost:5678`. Mara ya kwanza inapakua vitu vingi, kwa hiyo nenda kwenye Wi-Fi ya chuo. Usiunguze bando lako.

Hatua kwa hatua

1. Kubalianeni rangi kabla ya kugusa kompyuta. Sisi sasa tunatumia hivi: njano ni wazo bichi, kijani ni wazo ambalo kikundi kimelikubali, kijivu ni wazo ambalo limeshafika GitHub. Kila stika inaanza na jina la GitHub la aliyeiandika, kwa alama ya @.

2. Tengeneza tokeni mbili. Ya GitHub ihusu repo moja tu, na ipewe ruhusa ya kusoma na kuandika ishu, basi. Ya Miro iwe na ruhusa ya kusoma na kuandika ubao. Zihifadhi ndani ya n8n kwenye sehemu yake ya siri. Ukiziandika kwenye repo ya wazi, umeacha ufunguo mlangoni.

3. Weka nodi ya ratiba iamke kila saa moja.

4. Weka nodi ya HTTP iombe stika kutoka API ya Miro. Stika zinakuja zote ndani ya orodha moja, kwa hiyo ifuatie nodi ya kutenganisha orodha, ili kila stika ipite peke yake.

5. Weka chujio: ipite ile tu ambayo `fillColor` yake ni `green`.

6. Weka nodi ya GitHub itengeneze ishu. Maneno ya stika yawe maelezo yake, na chini yake iandikwe ID ya stika.

7. Mwisho, nodi nyingine ya HTTP irudi Miro na kubadilisha rangi ya stika hiyo kuwa `gray`.

Kwa kurudi, kazi ni ndogo. Mwenye kuandika msimbo akiweka "Closes #12" kwenye ombi lake la kuunganisha msimbo, likishakubaliwa kwenye tawi kuu, GitHub inaifunga ishu namba 12 yenyewe.

Tulipokwama

Mara ya kwanza tulisahau hatua ya 7. Tukalala. Asubuhi tukakuta kila wazo lina ishu zaidi ya kumi zinazofanana, maana kila saa fundi wetu alikuta kijani kilekile na kukipeleka tena. Mashine haina aibu ya kurudia.

Hata ukiweka hatua ya 7, mtandao unaweza kukatika ishu ikiwa imeshaandikwa na rangi haijabadilika. Ndiyo maana tunaandika ID ya stika ndani ya ishu: kabla ya kutengeneza mpya, mtiririko unatafuta kama ID hiyo ipo tayari. Na mtandao kukatika si hadithi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Umeme nao ukikatika, laptopu ikizima, n8n imelala. Ukirudi unaendelea, mradi mtiririko wako unajua ulipoishia.

La tatu: Miro isipoambiwa idadi inaleta vitu 10 tu. Ongeza hadi 50, na zaidi ya hapo uombe ukurasa unaofuata. La nne: maneno ya stika yanakuja yamefungwa kwa alama za HTML kama `<p>`, hivyo yasafishe kwanza.

Si kila stika iende

Wazee wa Ufipa walifua chuma kwa hatua. Mawe ya chuma yaliingia kwanza kwenye tanuru refu, ilungu. Kilichotoka humo hakikwenda moja kwa moja kuwa jembe. Kilipita kwenye kitanuru kidogo, kintengwe, kikasafishwa, ndipo mhunzi akakishika. Mabaki ya malungu bado yanaonekana uwandani. Chujio la rangi ya kijani ndilo kintengwe letu. Ukilitoa, repo inajaa takataka, na hakuna atakayeisoma.

Kuna sababu nzito zaidi. Kwenye ubao wetu kulikuwa na stika zenye majina na namba za simu za wakulima. Fundi wa katikati angezimwaga hadharani bila kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo haisemi wanafunzi wamesamehewa. Stika yenye namba ya mtu haigeuki kijani. Kwisha.

Na jina je?

Ishu inaonyesha nani alitoa wazo. Kwa msimbo wenyewe, kama mmeandika wawili kwenye laptopu moja, mwisho wa maelezo ya komiti weka mstari wa "Co-authored-by:" ukifuatiwa na jina na barua pepe ya mwenzako. GitHub itawaonyesha wote wawili. Ni mstari mmoja. Sikuujua mwaka wa pili, na kutokuujua kulimgharimu mtu mwingine.

Mtiririko huu hautafanya mvivu awe mchapakazi, wala hautamaliza ugomvi wa kikundi. Mkishaujenga, mhadhiri anayefungua repo ataona kwamba wazo la kilo lilitoka Laela, lilitoka kwa nani, na siku gani.

Yule dada alirudia mtihani, akafaulu. Mwaka huu tuko kikundi kimoja tena. Mtiririko wa rangi tatu ni wazo lake, na kwenye repo yetu ndiyo ishu namba 1, yenye jina lake.