SOMO LA UFUGAJI: MAYAI YA KUATAMIWA



Wakulima wengi wa mashamba ya makazi hupata vifaranga kwa njia moja tu, yaani kuku wa kienyeji anayelalia mayai. Mara nyingi husikia mtu akisema, "Kuku wangu hana bahati. Nilimpa mayai 12, akatoa vifaranga 5." Kabla ya kumlaumu kuku, fikiri kwanza. Kuku aijua kazi yake. Huyapa mayai joto la kiasi cha nyuzi 37 na nusu za sentigredi, tena huyageuza mara nyingi kila siku ili kifaranga anayeumbika asigandamane na ganda. Hasara nyingi huanza mikononi mwetu, kabla kuku hajakaa kiotani.

Kuchagua. Yai lisilopandwa na jogoo halitoi kifaranga hata likilaliwa mwezi mzima. Jogoo 1 awe na matetea wasiozidi 10. Chagua mayai ya ukubwa wa kati, yasiyo na ufa. Yai lenye mavi mengi lile wewe, usimpe kuku. Wala usilioshe, kwa maana ganda lina vitundu vidogo sana, na maji hupitisha uchafu ndani.

Kuhifadhi. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mayai huwekwa jikoni karibu na meko. Mchana joto humwamsha kifaranga aanze kuumbika, usiku moto huzima na baridi humwua. Kuku hupewa mayai yaliyokwisha kufa. Yaweke katika chumba chenye kivuli na ubaridi kidogo, nyuzi 15 hadi 18, upande mnene ukiwa juu. Yasikae zaidi ya siku 7. Andika tarehe juu ya kila yai kwa penseli.

Kiota. Tafuta sanduku lenye sentimita 35 kila upande. Tia udongo mkavu chini, ufanye kishimo kama bakuli, kisha tandika nyasi kavu. Liweke mahali penye giza, pasipofikiwa na mvua, panya wala kicheche. Nyunyiza jivu, kwani kuku mwenye utitiri au viroboto hatulii. Mayai 12 yamtosha kuku mkubwa. Penye baridi kama Kinangop mwezi wa Julai, mpe 10 tu, maana yai linalotokeza pembeni hupoa. Mpe usiku, naye atayapokea kwa utulivu.

Alama ya penseli ina faida nyingine. Kuku wengine hupenda kutaga katika kiota hicho hicho. Yai lisilo na alama liondoe siku hiyo hiyo, kwa sababu litachelewa, na mama ataondoka na vifaranga wake kabla halijaanguliwa.

Weka chakula na maji karibu. Kuku hutoka mara moja kwa siku, kiasi cha dakika 15 hadi 20. Usimharakishe.

Kupima. Usiku wa siku ya 7 chukua tochi, hata ya simu yafaa. Shika yai juu ya mwanga, upande mnene ukielekea tochi. Ukiona doa jeusi lenye mishipa kama miguu ya buibui, lina uhai. Likiwa jeupe lote, halikupandwa. Ukiona duara la damu, kifaranga amekufa. Ondoa hayo mawili ya mwisho. Yai viza likioza laweza kupasuka na kuchafua mengine.

Tufanye hesabu. Kuku 2 wamewekwa usiku mmoja, kila mmoja na mayai 10. Siku ya 7 umeondoa 8. Yamebaki 12. Mpe kuku mmoja yote 12, na mwenzake umpe mayai mapya. Usipopima, kuku wawili watapoteza wiki mbili wakilalia mawe. Lakini kumbuka kumlisha vizuri yule atakayeendelea muda mrefu.

Kuangua. Kuku huangua siku ya 21. Ukimpa mayai Jumapili, tazamia vifaranga Jumapili ya tatu. Bata wa kawaida hukaa siku 28. Tangu siku ya 18 usiyaguse mayai. Kifaranga akichelewa kutoka, usimvunjie ganda, kwa maana waweza kumtoa damu. Waache chini ya mama mpaka wakauke. Hawatakufa njaa siku ya kwanza, kwani kiini cha yai kimeingia tumboni mwao.

Wenye kuku walioboreshwa wa KALRO, Naivasha, wajue kwamba wengi wao hutaga sana lakini hawapendi kuatamia. Mayai yao yapewe kuku wa kienyeji. Tena mwulize Bwana au Bibi Mifugo wa kata yako juu ya chanjo ya Newcastle. Ugonjwa huo waweza kumaliza boma zima, na kazi yako yote itakuwa bure.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mayai ya kuatamiwa yasiwekwe jikoni?
2. Umempa kuku mayai Jumatano. Utayapima siku gani? Yataanguliwa siku gani?
3. Kiotani mna mayai 13, nawe uliweka 12. Utalijuaje la kuondoa?